Ule mwisho wa riwaya unaoupenda, una uhakika ndo mwisho wenyewe?

Juzi tulikaa watu watatu tukaanza kubishana, na swali lilikuwa jepesi tu, kwamba kati ya riwaya za zamani ulizowahi kusoma ni ipi ina mwisho mtamu kuliko zote. Jamaa mmoja akasema Jane Eyre, pale Jane anapomwambia msomaji kwamba wameoana. Dada mmoja akasema Anna Karenina, kile kifo cha kwenye reli. Mimi nikasema Shamba la Wanyama. Dakika kumi baadaye sauti zilishapanda, mtu angepita pale angedhani tunagombania urithi. Kumbe kila mmoja alikuwa anatumia neno mwisho kwa maana yake mwenyewe, na la kuchekesha zaidi ni kwamba wawili kati yetu walikuwa wanausifia mwisho ambao sio mwisho wa kitabu. Nitaeleza.

Kwanza neno lenyewe. Mtu akisema anapenda mwisho wa riwaya fulani anaweza kuwa anaongelea hatima, yaani nani kafa, nani kaoa, nani kaachwa kwenye mataa na mali zimeangukia kwa nani. Au anaongelea onyesho la mwisho, ile picha inayobaki kichwani ukishafunga kitabu. Au anaongelea sentensi ya mwisho, maneno yenyewe, hawa ni wenzetu wanaokariri. Alafu kuna kitu naita mkia, zile kurasa ambazo mwandishi anazibandika baada ya hadithi kwisha, wasomi wanasema epilogo, unaambiwa miaka imepita, fulani kazaa watoto wawili, fulani kahama, fulani alikuja kufa kwa homa.

Fikiria mgeni anayeaga. Pale alipoamua kuondoka ndo hatima. Akisimama mlangoni na kofia mkononi hilo ndo onyesho. "Haya, msalimie mama" ndo sentensi ya mwisho. Na akirudi kuchukua mwavuli aliousahau alafu akasimama tena nusu saa kwenye kizingiti anapiga stori, huo sasa ndo mkia. Bingwa wa hii kitu ni Tolstoy kwenye War and Peace, mkia wake una sehemu mbili na ile ya pili haina hata mhusika mmoja, ni hoja tupu za historia na kama binadamu ana hiari au hana. Mgeni kaaga, kavaa viatu, kashika kitasa, ndo anakuanzishia mada ya falsafa. Kuna wanaoipenda hiyo sehemu. Mimi nimeimaliza mara moja maishani na sina mpango wa kurudia.

Sasa ngoja nitetee chaguo langu, maana linaonyesha vizuri jinsi mwisho unavyojengwa. Shamba la Wanyama la George Orwell lilitoka 1945, na watu wengi wanakumbuka kwamba mwishoni nguruwe na binadamu wanafanana, basi. Lakini ukirudi pale taratibu utaona ufundi. Wanyama wamesimama nje usiku wanachungulia dirishani, ndani nguruwe na wenye mashamba ya jirani wamekaa meza moja wanacheza karata na kunywa. Zinatolewa hotuba za kusifiana, Napoleon, nguruwe mkuu wao, anatangaza kwamba jina la Shamba la Wanyama limefutwa na jina la zamani linarudi. Wanapiga makofi, wanarudi kwenye karata, na wanyama wanaanza kuondoka kimyakimya. Kitabu kingeweza kuishia hapo na kisingekuwa kibaya. Lakini hawajafika mbali wanasikia kelele, wanarudi mbio dirishani, wanakuta ugomvi mkubwa, watu wanagonga meza na kuitana waongo, kisa Napoleon na Bwana Pilkington, mmoja wa wale majirani, wote wawili wametoa ree ya shupaza kwa wakati mmoja. Karata moja, mikono miwili, maana yake kuna mtu anaiba, au wote. Na hapo ndipo macho ya wale wanyama yanapohama kutoka nguruwe kwenda kwa mtu, kutoka mtu kwenda kwa nguruwe, hawajui tena yupi ni yupi.

Ona kilichofanyika. Hatima ilishajulikana zamani, nguruwe walishaanza kutembea kwa miguu miwili kurasa kadhaa kabla, hakuna jipya la kukushtua. Kinachokupiga ni ile kurudi dirishani. Orwell anakuacha uanze kuondoka alafu anakuita.

Kwa nini lakini mwisho una uzito kiasi hiki, kurasa mbili zinapewa heshima kuliko mia tatu zilizotangulia? Maelezo yako mengi, mimi nayapenda mawili. La kwanza ni la mhakiki Frank Kermode wa Uingereza, kitabu chake cha 1967 kinasema tusikilize saa ya ukutani. Saa inatoa mlio uleule kila mara, lakini sikio linakataa, linasikia tik alafu tak, yaani tumeufanya mlio mmoja kuwa mwanzo na mwingine kuwa mwisho, kwa sababu akili haitulii mpaka kitu kifunge. Riwaya kwake ni tik ndefu sana inayosubiri tak. Ndo maana ukinyang'anywa kitabu zikiwa zimebaki kurasa kumi unaumwa kuliko ukinyang'anywa zikiwa zimebaki mia mbili.

La pili linatoka kwa mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake, 1993. Watu waliambiwa watumbukize mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine wakafanya vilevile sekunde 60, ila wakaongezewa sekunde 30 ambazo maji yanapashwa polepole mpaka nyuzi 15, bado baridi ile mbaya ila imepungua kidogo. Walipoulizwa ni zoezi lipi wako tayari kurudia wengi wakachagua lile refu! Wameteseka muda mrefu zaidi ila mwisho ulikuwa nafuu, na kumbukumbu imeshika mwisho. Maji sio riwaya, najua, hakuna aliyepima War and Peace kwenye beseni. Ila ukiwa umewahi kusamehe kitabu kilichokuchosha sura kumi kwa sababu tu kilimalizika vizuri, utakuwa unajua ninachosema.

Sasa tuje kwenye wale wenzangu wawili, na hapa ndo utamu ulipo. Kumbukumbu haishiki tu mwisho, inauchagua pia. Inapita inatafuta pale palipofungika kwa kishindo, inapiga muhuri, kilichobaki inakitupa.

Ile kauli ya Jane Eyre, kitabu cha Charlotte Brontë cha 1847, haiko mwisho wa kitabu. Inafungua sura ya mwisho. Baada yake kuna maelezo ya ndoa, ya Bwana Rochester kuanza kuona tena kwa jicho moja, alafu aya za mwisho kabisa hazimhusu Jane wala mumewe, zinamhusu binamu yake St John Rivers, yule mhubiri aliyemchumbia akakataliwa, sasa yuko India kaandika barua anangoja kifo kwa furaha. Neno la mwisho la hadithi ya mapenzi tunayoisifia miaka yote limepewa mwanaume aliyekataliwa. Nimewauliza watu wengi walioisoma, wachache sana wanalikumbuka hilo.

Na hapo nitoke nje ya mada kidogo. Kauli yenyewe kwa Kiswahili ni mtihani mzito. Jane kasema mimi ndiye niliyemuoa, yeye ndo mtendaji, na huo ndo mshtuko wote wa ile sentensi, mwanamke aliyeburuzwa kitabu kizima mwishoni ndo anatenda. Kiswahili chetu mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, kitenzi chenyewe kimeshakaa upande. Ukiandika "msomaji, nikaolewa naye" umemrudisha chini, ukiandika "nikamuoa" msomaji anadhani umekosea kuchapa, "tukaoana" inapita ila makali yameisha. Sijui ningechagua ipi.

Anna Karenina ni kisa kingine kabisa. Anna anakufa mwisho wa sehemu ya saba. Kuna sehemu nzima ya nane, na huyo Anna tunayemlilia karibu hayupo, tunakaa na mhusika mwingine, Levin, na mashaka yake ya imani. Riwaya ilikuwa inatoka kwa vipande kwenye jarida la Urusi, ikafika sehemu ya nane mhariri Mikhail Katkov akagoma kuichapa kwa sababu hakupenda jinsi Tolstoy alivyowasema Warusi waliojitolea kwenda kupigana kule Serbia. Jarida likatoa muhtasari mfupi na kuwaambia wasomaji kwamba kimsingi hadithi imeisha na kifo cha mhusika mkuu. Tolstoy akachapa sehemu ya nane mwenyewe, 1877. Kwahiyo dada yetu alipotaja reli kama mwisho hakuwa peke yake, mhariri wa kwanza wa kile kitabu alisema hivyohivyo, ingawa kwa sababu zake.

Sydney Carton pia. Yule wa A Tale of Two Cities ya Dickens, 1859, anayekubali kukatwa kichwa mahali pa mtu mwingine, na watu wanakuambia maneno yake ya mwisho yalikuwa kwamba hili nifanyalo ni jema kuliko yote niliyowahi kufanya. Hakuyasema. Rudi kwenye ukurasa, msimulizi anasema kama angeyatoa mawazo yake, na kama yangekuwa ya kinabii, yangekuwa haya. Jamaa kafa kimya, tumemuwekea maneno mdomoni miaka yote hii. Na Gone with the Wind, ile "kwa kweli" ambayo Rhett Butler anaanza nayo kumwambia Scarlett hajali, imeongezwa na filamu ya 1939, kitabuni haipo, na wala kauli hiyo sio ya mwisho. Mwisho ni Scarlett akijiambia kesho nayo siku. Margaret Mitchell aliianza kazi yake kwa kuandika sura ya mwisho, alikuwa anajua anakokwenda.

Waandishi wengi hawakujua wanakokwenda, au walifika wakaghairi. Kuna dhana kwamba mwisho wa kitabu kikubwa ulishushwa tu kama mvua, kwamba usingeweza kuwa mwingine. Hemingway alisema kwenye mahojiano kwamba ukurasa wa mwisho wa A Farewell to Arms aliuandika mara 39 mpaka akaridhika, na 2012 likatoka toleo lenye miisho yote iliyopatikana kwenye karatasi zake, ikawa 47. Arobaini na saba! Na ule aliouchagua ni mkavu kuliko unavyotegemea, mtu anatoka hospitali, anarudi hotelini kwa miguu, mvua inanyesha.

Kisa ninachokipenda zaidi lakini ni cha Great Expectations. Dickens aliichapa kwa vipande kuanzia Desemba 1860 mpaka Agosti 1861. Kwenye mwisho aliouandika kwanza, Pip, mhusika mkuu, yuko London anatembea na mtoto wa Joe, shemeji yake aliyemlea, mtoto naye anaitwa Pip, na Estella, mwanamke aliyempenda tangu utotoni, yuko ndani ya gari la farasi anamwita. Ameshaolewa tena, na daktari. Wanasalimiana, Estella anambusu mtoto akidhani ni wa Pip, na Pip hamsahihishi. Wanaachana. Kwisha. Dickens akampa rafiki yake asome kabla hakijatoka, mwandishi Edward Bulwer-Lytton, rafiki akamwambia hapana, hii itawaumiza watu, badilisha. Akabadilisha. Kwenye mwisho mpya wanakutana kwenye magofu ya nyumba ya Miss Havisham, yule bibi tajiri aliyemlea Estella, jioni, ukungu unapanda, Pip anamshika mkono, wanatoka pale, na Pip anasema hakuona kivuli cha kuachana naye tena.

Huyo Bulwer-Lytton ndo yuleyule aliyefungua riwaya yake ya 1830 kwa usiku wa giza na dhoruba, sentensi ambayo mpaka leo watu wanaitania kama mfano wa ufunguzi mbovu. Yaani mtu anayechekwa kwa mwanzo ndo kaamua mojawapo ya miisho maarufu duniani.

Dickens akafa 1870, na ule mwisho wa kwanza ukachapwa 1874 na rafiki yake John Forster kwenye wasifu aliomwandikia. Tangu hapo wasomaji wamegawanyika, upande mmoja unasema wa kwanza ndo wa kweli, huu wa pili ni peremende. Mimi niliwahi kuwa upande huo, kwa kiburi cha ujana nadhani. Siku hizi nikisoma ule wa pili naona sio peremende kabisa. Sekunde chache kabla ya ile sentensi, Estella mwenyewe kasema wataendelea kuwa marafiki wakiwa mbalimbali. Alafu Pip anasema hakuona kivuli cha kuachana. Hakuona! Na huyu ni Pip, kitabu kizima kazi yake ni kutoona mambo yaliyo mbele ya pua yake. Hajasema hawakuachana.

Kwahiyo mtu akikuuliza mwisho halisi ni upi, swali lenyewe lina mtego. A Clockwork Orange ya Anthony Burgess ilitoka 1962 Uingereza ikiwa na sura 21, Marekani ikatoka na 20, ya mwisho imekatwa, ile ambayo kijana Alex anachoka na ukatili wake na kuanza kuwaza kuwa na mke na mtoto. Msomaji wa upande mmoja wa bahari alisoma habari ya mtu anayekua, wa upande wa pili akasoma ya mtu asiyebadilika, na filamu ya 1971 ikafuata ya Marekani. Sura iliyokatwa ilirudishwa kule 1986. Miaka zaidi ya ishirini watu wanabishana kuhusu kitabu kimoja na kumbe ni viwili. Ukiongeza matoleo yaliyofupishwa kwa ajili ya wanafunzi, ambayo mimi mwenyewe nililishwa moja likanimalizia mahali ambapo mwandishi hakumalizia, utaelewa kwa nini kabla ya kubishana na mtu inabidi kwanza muulizane mmesoma toleo gani.

Dhana nyingine ngumu kufa ni kwamba wasomaji tunapenda raha mustarehe tu. Baba yake Charlotte Brontë aliipenda, alimwomba bintiye riwaya ya Villette, 1853, iishe vizuri. Binti hakutaka kumuua mpenzi wa mhusika mkuu waziwazi mbele ya mzee, akaandika dhoruba, akaandika meli zinavunjika, alafu akakata, akasema basi tuishie hapa, wenye mioyo laini waachwe na matumaini yao. Ukitaka kalia, ukitaka kaamini karudi salama. Huo watu wanauita mwisho wazi na wengine wanasema ni uvivu wa mwandishi, lakini mwisho wazi sio mwisho ambao haujafungwa kabisa. Ni mlango ulioegeshwa. Mwandishi mvivu hana hata mlango.

Hata kwetu kwenye Kiswahili ukianza na Shaaban Robert, kwenye Kusadikika ya 1951 Karama anajitetea mbele ya mfalme mpaka haki inashinda, kwenye Adili na Nduguze ndugu waliogeuzwa manyani wanarudishiwa umbo lao. Ukihama ukaingia kwa Kezilahabi, Kichwamaji ya 1974, Kazimoto anajitoa uhai na hakuna wa kukushika mkono. Zote zinapendwa, na mara nyingi na watu walewale. Tatizo tulifundishwa kuuliza mwishoni hadithi inatufunza nini, kwahiyo mwisho usiotoa funzo tunauona una deni.

Angalia Things Fall Apart ya Chinua Achebe, 1958. Okonkwo kajinyonga. Huo ni msiba, na ukimuuliza mtu mwisho wake atakuambia hivyo, Okonkwo kajinyonga. Lakini Achebe hakuishia mtini. Aya ya mwisho tunaingia kichwani mwa mkuu wa wilaya, mzungu, ambaye anapanga kuandika kitabu kuhusu alivyowatuliza watu wa Niger ya chini, na anawaza kwamba huyu mtu aliyejinyonga anaweza kujaza sura nzima. Alafu anajisahihisha. Sura nzima pengine hapana, aya moja ya kutosha. Wewe umetoka kusoma riwaya nzima ya maisha ya huyo mtu. Hakuna raha hapo wala mustarehe, na bado mimi nauweka juu kuliko karibu yote niliyoitaja.

Na wale wanaoogopa spoila, kwamba wakishajua mwisho kitabu kimekufa, kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, 2011 waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakaambiwa mwisho mapema, na walioambiwa wakazifurahia zaidi kidogo. Tafiti zilizofuata zinapishana, kwahiyo usinigombeze. Ila tumeshasema mwisho ni vitu vinne. Spoila inakuibia kimoja, hatima. Najua Okonkwo anajinyonga, nimerudia kile kitabu mara nne, na ile "aya moja" bado inanikata.

Tuliporudi kwenye ubishi wetu nikasema usiandikie mate na wino ungalipo, tukakitoa Jane Eyre kabatini, nikamfungulia jamaa ukurasa wa mwisho. Akasoma habari za St John kimya mpaka chini. Akarudi nyuma kurasa chache, akaipata ile sentensi yake, akaweka kidole pale. "Hapa," akasema, "mi kitabu changu kinaishia hapa," akakifunga kidole kikiwa bado ndani.